Jino Lenye Mizizi Mitatu

Mwaka juzi nililipwa dola sita kuandika maneno mia nane kuhusu meno ya mbwa.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, nikarudi nyumbani Moi's Bridge na laptopu na mazoea ya kununua bando za usiku, na tangu hapo naandikia watu nisiowajua. Leo viatu vya mbio, kesho bima ya nyumba huko Marekani, keshokutwa namna ya kuchagua zulia. Agizo hilo lilitoka kwa mtu anayejaza kurasa za kliniki za wanyama. Alitaka nieleze kwa nini mbwa na paka wanahitaji eksirei ya meno. Manze, nilicheka kwanza. Hapa kwetu hata binadamu wengi hawajawahi kupigwa eksirei ya jino. Likiuma sana linang'olewa, maisha yanaendelea.

Nikaanza kusoma ili niandike. Karibu saa saba usiku nikafika mahali palipoeleza kwamba gego la nne la juu la mbwa, lile kubwa la kukatia nyama, lina mizizi mitatu, na kwamba mizizi hiyo hupanda hadi karibu chini ya jicho. Jino hilo likivunjika na usaha ukajaa kwenye ncha za mizizi, mara nyingi hautokei kinywani. Unatokea usoni. Uvimbe unachomoza chini ya jicho, unapasuka, unakauka, halafu unarudi. Mwenye mbwa hudhani ni ugonjwa wa jicho, ama mwiba, ama nyuki.

Nilifunga laptopu. Uvimbe huo nilikuwa nimeuona, chini ya jicho la kulia la mbwa aliyeitwa Simba.

*

Mitaa ya kwetu haikosi mbwa anayeitwa Simba. Huyu alikuwa wa nyanya yangu, ambaye sote tunamwita Kukhu. Alikuwa wa rangi ya udongo, kifua kipana, na kazi yake ilikuwa kulinda stoo ya mahindi. Nilikuwa darasa la sita. Kulikuwa na matanga mtaani, ng'ombe akachinjwa, na mbwa wa pande zote wakapata mifupa ya kutosha wiki nzima. Baada ya muda uvimbe ukatokea. Kukhu akamwita jamaa wa agroveti, akaja na boda, akamdunga Simba sindano ya antibiotiki, akalipwa, akaenda. Uvimbe ukapotea. Tukamsifu.

Ukarudi. Jamaa akaja tena, sindano, ukapotea. Ukarudi mara ya tatu. Sasa Simba alikuwa akila kwa upande mmoja, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya. Akiangusha tonge la ugali analitazama tu. Kukhu akasema ni uzee. Mjomba akasema ni uvivu. Mate yakaanza kumtoka.

Desemba, mtoto wa jirani, wa miaka mitano, alimkumbatia kichwa kama alivyozoea. Simba akamuuma mkono.

Mbwa anayetoka mate na kuuma mtoto ana jina moja tu hapa kwetu: kichaa. Wanaume walikuja na rungu kabla jua halijatua. Simba hakukimbia. Mjomba alikuwa miongoni mwao, na hadi leo hataki tuizungumzie. Mtoto alipelekwa hospitali akaanzishwa sindano, tano kwa mwezi mmoja, na Kukhu akauza gunia mbili za mahindi kuzilipia kwa sababu mbwa alikuwa wake. Jirani na sisi hatukusalimiana mwaka mzima.

Sindano zile zilikuwa lazima, hilo sitaki mtu anielewe vibaya. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini mbwa aliyeuma akiwa hai, anaweza kufungiwa siku 10 na kuangaliwa: mwenye kichaa hatamaliza siku hizo bila kuugua wazi au kufa. Simba hakupewa hata siku moja. Kwa hivyo kwa miaka yote hii tumeishi na hadithi kwamba nyumba ya Kukhu ilifuga mbwa mwenye kichaa.

Usiku ule, na dola sita zangu zikinisubiri, nilianza kujiuliza kama hadithi hiyo ni ya kweli. Nikataka pia kujua ni lini binadamu aliweza kuangalia ndani ya jino la mnyama aliye hai, na kwa nini uwezo huo haukufika Moi's Bridge.

*

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akijaribu umeme ndani ya tyubu ya kioo. Alikuwa ameifunika kwa karatasi nyeusi nzito, mwanga usipite. Hata hivyo, bamba lililopakwa kemikali, lililokuwa kando, liling'aa gizani. Kuna kitu kilichokuwa kikipenya karatasi. Wiki chache baadaye, tarehe 22 Desemba, alimwomba mkewe aweke mkono juu ya bamba la picha. Mifupa ikaonekana, na pete ikielea kwenye kidole. Kwa kuwa hakujua miali hiyo ni nini, aliita X, herufi ya kitu kisichojulikana.

Meno hayakungoja. Januari 1896, Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Braunschweig, alijiwekea kipande cha kioo cha picha kinywani, akakaa tuli kwa dakika 25 huku miali ikimpiga taya. Dakika 25! Siku hizi picha hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Ng'ambo ya bahari, New Orleans, C. Edmund Kells alianza kupiga picha za meno ya wagonjwa mwaka huohuo, akishika filamu kwa vidole vyake mwenyewe. Hakuna aliyejua kwamba miali inachoma polepole. Saratani ilimla vidole, kisha mkono, operesheni baada ya operesheni, na mwaka 1928 akajiua.

Mwaka 1896 una jambo jingine kwetu. Ndio mwaka ujenzi wa Reli ya Uganda ulipoanza Mombasa. Kwa hivyo reli yetu na eksirei ni marika. Wabukusu wa huku kwetu hutahiri vijana miaka shufwa, ile inayogawanyika kwa mbili, kwa hivyo hawa wawili wangeingia msimu mmoja.

Na eksirei ilikutana na upande wetu wa dunia mapema kuliko tunavyofikiri, ila kwa njia ya vita. Tarehe 1 Machi 1896, jeshi la Menelik II liliwashinda Waitaliano huko Adwa. Miezi michache baadaye, katika hospitali ya kijeshi Naples, daktari Giuseppe Alvaro alitumia eksirei kutafuta risasi mikononi mwa wanajeshi wawili waliorudi kutoka Ethiopia. Hiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza kwa eksirei kutumika kwa majeruhi wa vita. Mwaka 1898, Waingereza walipopanda mto Nile kuivamia Sudan, Meja John Battersby alibeba mashine yake hadi Abadieh. Umeme haukuwepo, kwa hivyo baiskeli ya watu wawili iliunganishwa na dainamo, wanajeshi wakakanyaga pedali kwenye joto la jangwa ili daktari aone risasi iko wapi.

Wanyama walifuata haraka. Kabla mwaka 1896 haujaisha, madaktari wa wanyama Ulaya walikuwa wakijaribu miali hiyo kwa miguu ya farasi. Si ajabu. Farasi ndiye aliyebeba jeshi na kuvuta mizigo, na farasi anayechechemea ni hasara. Mbwa na paka hawakuwa wakivuta chochote. Vinywa vyao vilingoja karibu miaka mia moja.

*

Kabla ya kuondoka 1898, kuna wanyama wawili wa jamii ya paka ambao lazima tuwataje, na wewe pengine unawajua.

Machi mwaka huo, Luteni Kanali John Henry Patterson alifika Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja la reli. Kwa miezi tisa, simba wawili wasio na manyoya ya shingo walivamia kambi za wafanyakazi, wengi wao vibarua kutoka India, wakiwaburuta usiku kutoka kwenye mahema. Kazi ilisimama. Patterson alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Ngozi zao zilikaa nyumbani kwake kama mazulia kwa miaka 25, hadi mwaka 1924 alipoziuza pamoja na mafuvu kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Huko ndiko walipo hadi sasa.

Simba wa kwanza, wa tarehe 9 Desemba, alikuwa na kinywa kibovu. Jino lake la chonge la chini, upande wa kulia, lilikuwa limevunjika, na kwenye ncha ya mzizi kulikuwa na jipu lililokula mfupa. Meno matatu ya mbele ya chini yalikuwa yameng'oka. Mtaalamu wa wanyama wa Field, Bruce Patterson, na daktari wa meno Ellis Neiburger waliandika kuhusu kinywa hicho mwaka 2000, wakisema maumivu yale huenda yalimsukuma kwenye mawindo laini. Simba humuua pundamilia kwa kumng'ang'ania koo kwa meno ya chonge hadi pumzi iishe, huku mnyama akirusha mateke. Jaribu kufanya hivyo na jipu kwenye taya. Binadamu aliyelala hemani ni rahisi kuliko hivyo.

Sasa, simba wa pili. Huyu alikuwa na gego la juu la kukatia nyama lililovunjika, upande wa kushoto, hadi kiini cha jino kikabaki wazi. Nilipoisoma hiyo nilisimama nikazunguka chumba. Ni jino lilelile, lile la mizizi mitatu. Lakini wataalamu wanasema kuvunjika huko hakuonekani kumsumbua sana. Mwaka 2009, watafiti waliopima kemia ya mifupa na manyoya yao walikadiria kwamba simba wa meno mabovu alikula watu 24 hivi, na mwenzake 11 hivi. Kwa hivyo mwenye maumivu makubwa alikula zaidi, lakini hata yule mwenye nafuu alikula watu.

Hapo ndipo historia inapokukataza kurukia jibu. Sotoka ilikuwa imefyeka nyati na ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890. Mvua zilikuwa zimekosekana. Njia ya misafara ilipita Tsavo tangu zamani, na waliokufa njiani hawakuzikwa sikuzote. Bruce Patterson mwenyewe, alipowaangalia simba wengine wasumbufu wa Tsavo pamoja na Samuel Kasiki wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, alikubali kwamba jino bovu haliwezi kueleza kila kisa. Na ushahidi bado unatoka kinywani mwao. Mwaka 2024, kundi la watafiti, wakiwemo Wakenya kutoka Makavazi ya Kitaifa na Chuo Kikuu cha Nairobi, lilichapisha matokeo ya vinasaba vya nywele zilizokwama ndani ya mashimo ya meno yale yaliyovunjika: twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia, na binadamu.

Zaidi ya karne imepita na meno hayo bado yanasomwa. Ila kuna tofauti moja kubwa kati ya simba wa Tsavo na Simba wa Kukhu. Fuvu halifichi kitu. Unaligeuza mkononi, unaona tundu ambalo usaha ulitoboa. Mnyama aliye hai ana fizi, midomo, ngozi, na meno ya kukung'ata. Sehemu kubwa ya jino lake iko ndani ya mfupa. Bila picha unaona kilele tu, kama mtu anayekadiria ukubwa wa kichuguu kwa kuangalia ncha.

*

Reli iliendelea baada ya daraja la Tsavo. Ilifika Kisumu 1901. Tawi la kuja kwetu lilichelewa: Eldoret 1924, Kitale 1926, likipita kituo kilichoitwa Hoey's Bridge. Jina lilitoka kwa Cecil Hoey, mwindaji wa Kiingereza aliyegeuka mlowezi, aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia. Baada ya uhuru pakaitwa Moi's Bridge. Daraja likabaki, mwenye daraja akabadilika. Ukipita leo utaona maghala ya nafaka yaliyosimama kando ya reli isiyo na treni ya abiria, na msimu wa mavuno malori yamepanga foleni.

Reli ilikuja kwa ajili ya mahindi na mifugo, na udaktari wa wanyama ulikuja kwa ajili hiyohiyo. Maabara ya Kabete ilihangaikia magonjwa yaliyokula fedha. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo leo inatikisa Asia na Ulaya, ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na R. E. Montgomery kutokana na kazi yake hapa Kenya. Hiyo ni sayansi kubwa. Lakini angalia ni nani aliyekuwa anaangaliwa. Ng'ombe, nguruwe, kondoo.

Mbwa aliingia kwenye vitabu vya serikali kwa mlango mwingine. Mwaka 1912, kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Tangu hapo mbwa ni chanjo, mbwa ni leseni, mbwa ni risasi. Kwa haki, hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na Kenya ina mpango wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Sibishani na chanjo. Nasema tu kwamba ukimjua mnyama kama hatari peke yake, kila dalili yake itasomwa kama hatari. Mate yakimtoka huwezi kufikiria jino.

Na ajabu ni kwamba sisi si watu wasiojua kuangalia meno ya wanyama. Nenda soko la ng'ombe siku yoyote. Dalali anamshika fahali pua, anafungua mdomo, anahesabu meno makubwa ya chini: mawili, ni wa miaka miwili hivi, yote yameota, amekomaa. Anajua asiuziwe mzee kwa bei ya kijana. Kinywa cha ng'ombe ni kitambulisho chake. Kinywa cha mbwa hakifunguliwi kwa sababu hakuna bei inayotegemea.

*

Basi, eksirei yenyewe inafanyaje kazi? Nitaeleza jinsi nilivyowaeleza wale Wamarekani, ila kwa lugha yangu.

Mbwa mzima ana meno 42, paka ana 30, sawa na simba. Ili kupiga picha safi, kibamba kidogo huwekwa ndani ya kinywa, nyuma ya jino, na miali hutoka nje. Mbwa hatakaa tuli na kibamba mdomoni, kwa hivyo lazima alazwe kwa dawa ya usingizi. Hapo gharama inapanda.

Tatizo la pili ni kivuli. Eksirei ni kivuli tu. Saa sita mchana kivuli chako ni kifupi, saa kumi na moja jioni ni kirefu kuliko wewe, na hakuna kinachosema ukweli. Kaakaa la mbwa halina kina cha kutosha kusimamisha kibamba sambamba na meno ya juu. Suluhisho lilitolewa na daktari wa meno wa Kipolandi, Antoni Cieszyński, mwaka 1907, akifikiria vinywa vya watu. Chukua pembe kati ya jino na kibamba, igawe nusu kwa mstari wa kufikirika, kisha elekeza miali wima dhidi ya mstari huo. Kivuli kitalingana na urefu halisi wa jino. Hesabu ya shule ya msingi. Cieszyński aliuawa na Wanazi huko Lwów, Julai 1941, pamoja na maprofesa wenzake. Kanuni yake bado inatumika kila siku kwa mbwa na paka ambao hakuwahi kuwawazia.

Picha ikitoka, daktari anatafuta vitu kama viwili hivi. Cha kwanza ni duara jeusi kwenye ncha ya mzizi: hapo mfupa umeliwa. Cha pili nilikipenda. Jino lililo hai hujijaza kwa ndani kadiri mnyama anavyokua, hivyo mfereji wake hupungua mwaka hadi mwaka. Jino likifa, linaacha. Mfereji unabaki mpana. Kwa hivyo ukiweka picha ya jino la kulia na la kushoto pamoja, lile lililokufa ndilo linaloonekana changa. Umri lilipokufa umeandikwa humo.

Kwa paka mambo ni magumu zaidi. Paka wengi hupata ugonjwa ambapo mwili wenyewe huanza kula meno yake kutoka kwenye mzizi. Juu unaona jino zima, labda doa jekundu karibu na fizi. Chini mzizi umegeuka mfupa. Bila picha, daktari hawezi kujua kama atang'oa jino lote au atakata kilele tu.

Hata nchi zenye pesa zilichelewa kulitilia jambo hili maanani. Marekani iliwatambua rasmi mabingwa wa meno ya wanyama mwaka 1988 tu. Mwaka mmoja kabla, 1987, Mfaransa Francis Mouyen alileta kifaa kinachopeleka picha ya jino moja kwa moja kwenye skrini bila filamu, na kwa kuwa kilitengenezwa kwa vinywa vya watu, vinywa vya mbwa vilifaidika bila kuombwa. Kisha 1998, Frank Verstraete na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipiga picha za vinywa vizima vya mbwa na paka waliokuja kutibiwa. Kwenye meno ambayo jicho lilisema ni mazima, picha ilionyesha tatizo la maana kwa zaidi ya robo ya mbwa, na kwa karibu paka wawili kati ya kila watano. Hao ni wanyama waliokuwa mikononi mwa wataalamu, mdomo wazi, taa kali. Sasa fikiria wa kwetu.

*

Niliwasilisha maneno mia nane. Yakatoka bila jina langu, mhariri akaongeza picha ya mbwa mweupe anayetabasamu. Dola sita zikaingia.

Wiki hiyo nikamwambia Kukhu. Alikuwa uani akipepeta maharagwe. Nikamweleza habari ya mizizi mitatu, nikamwonyesha picha kwenye simu: mbwa fulani wa mbali, uvimbe chini ya jicho. Aliishika simu muda mrefu.

"Huyu ni Simba," akasema.

"Si Simba, Kukhu. Lakini uvimbe ni ule."

"Hiyo eksirei, ingekuwa pesa ngapi?"

Nikamwambia kwamba kliniki za wanyama zenye mashine ziko Nairobi, karibu kilomita 350, na kuna usafiri, na dawa ya usingizi, na kung'oa jino lenyewe, kwa sababu picha haiponyi. Nikamwambia ingepita gunia mbili.

"Basi tusingeenda," akasema. Hakuona haya kusema hivyo, na mimi sikuona haya kwa niaba yake. Ada yangu ya shule ya upili ilitoka kwenye stoo ileile. Akapepeta kidogo, kisha akauliza: "Na bila mashine, hakuna kitu ambacho mtu angeona?"

Hilo swali ndilo nililokuwa nikilikwepa. Kwa sababu kipo. Gego la mbwa likivunjika kwa mfupa, mara nyingi kipande cha upande wa nje ndicho hutoka, na ukiinua mdomo wa juu kwa kidole utaona. Picha inakuambia ubovu umefika wapi. Lakini kujua kwamba jino limevunjika, hiyo ni bure. Jamaa wa sindano alikuja mara tatu. Sisi tulikuwa pale kila siku. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwinua mdomo.

"Ningemfungua," Kukhu akasema. "Alikuwa ananikubali."

Kijana aliyeumwa sasa ana miaka 18, anangoja kitambulisho aanze kuendesha boda. Kovu liko chini ya kiwiko, limenyooka na kung'aa. Nilimtafuta nikamweleza yote, pale stejini, tukila mahindi ya kuchoma. Amekua akiambiwa kwamba aliumwa na mbwa mwenye kichaa na akapona kwa neema. Mama yake ameitolea ushuhuda kanisani zaidi ya mara moja.

"Kwa hivyo hakuwa na kichaa?"

"Siwezi kuapa. Alizikwa bila kupimwa. Lakini uvimbe ulikuja na kuondoka kwa miezi kadhaa, na kichaa hakingempa muda huo wote. Nafikiri alikuwa anaumwa jino, na wewe ulimshika palepale."

Alitafuna muda. "Nilimshika hapa," akasema, akajigusa shavu lake mwenyewe, chini ya jicho la kulia. Miaka kumi na mitatu na alikuwa bado anakumbuka ni wapi. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumuuliza.

Jioni hiyo aliingia kwa Kukhu kumsalimia, mara ya kwanza peke yake. Kuna mbwa mpya sasa, jike, anaitwa Bahati. Kukhu alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa cha mbwa amekilaza mapajani, kidole gumba kikiinua mdomo. Alimwambia kijana awashe tochi ya simu na asogee karibu. Alisita kidogo mlangoni, kisha akasogea.